Mchoro Usiokubali Kuhama

Wajukuu zangu, chukueni sufuria moja kuukuu, iliyoungua kitako, ile ambayo mama anachemshia maji ya kuoga. Ikiwa jikoni, hakuna atakayeitazama mara mbili. Sasa tuseme mtu ameiingiza usiku ndani ya ukumbi wa Bunge hapa Dodoma, asubuhi ikakutwa juu ya meza ya Spika, siku ya kusoma bajeti. Sufuria ni ileile na masizi ni yaleyale, lakini waheshimiwa watashikwa na bumbuwazi, kisha watabishana mpaka adhuhuri: nani kaileta, na anatuambia nini? (Msijaribu. Askari wa pale hawana mzaha.)

Hiyo mimi naiita sanaa ya wazo. Msanii wake hashindani na mtu katika kuchora pua ikafanana na pua. Anatafuta lile swali, na mara nyingi nusu ya swali hutoka mahali alipoiweka kazi yake.

Yuko msanii mmoja, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954, jina lake Lubaina Himid. Baba yake, mtu wa Komoro, alifariki mtoto akiwa na miezi minne tu, na mama akaenda naye Uingereza. Mwaka 2007 Waingereza walikuwa wanaadhimisha miaka 200 tangu sheria yao ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Lubaina akakusanya vyombo vya mezani vya mtumba, sahani, majagi na mabakuli ya supu, jumla vipande 100, akavichora. Juu yake utakuta meli, majengo, maua, watumishi weusi waliovaa wakapendeza, na matajiri wanaotapika. Ndiyo, wanatapika, tena kwenye sahani ya kulia.

Kazi hiyo aliipa jina Swallow Hard, yaani meza kwa nguvu. Hapa Kiswahili chetu kimemzidi Mwingereza, maana kwetu meza ni ile ya kulia chakula, na meza ni kulishusha tonge hata kama halitaki.

Vyombo hivyo alivipanga Judges' Lodgings, nyumba ya kale katika mji wa Lancaster, ambayo siku hizi ni makumbusho. Lancaster ulikuwa mji wa bandari, na baadhi ya matajiri wake walitajirika kwa watumwa. Ndani ya nyumba hiyo mna samani za Gillow, mafundi wa mji huohuo waliotumia mbao za mahogani kutoka visiwa vya Karibi, kulikokuwa na watumwa. Vipange vyombo hivyo kwenye duka la Kariakoo, watu watauliza bei. Pale Lancaster kila kiti kilikuwa na la kujibu. Miaka kumi baadaye, 2017, Lubaina alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Watu wa nyanda zetu hizi kavu walilijua jambo hili la mahali zamani sana. Shikeni barabara ya Babati, mpite mji wa Kondoa, mfike Kolo. Hapo mtampata wa kuwaongoza, halafu ni kupanda. Kilima kina mawe makubwa kama matembe yaliyobiringika, na miiba yake haijui kuwa wewe ni mgeni. Ukishaishiwa pumzi ndipo unaona jiwe limeinama kama paa la baraza, na chini yake, ukutani, wapo watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa kama wamesuka nywele. Wapo tembo, twiga na pofu. Sogea, lakini usiguse. Mstari mmoja mwekundu, mwembamba kama unyasi, umetoka begani ukashuka hadi kifundo cha mguu bila kusita. Rangi yenyewe ni udongo mwekundu, wekundu uleule wa kutu ya chuma. Aliyeuvuta mstari ule hakuwa na kifutio.

Mapango ya namna hiyo ni zaidi ya 150, na eneo zima la kilomita za mraba 2,336 liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Michoro myekundu huhusishwa na wawindaji, mababu wa watu kama Wasandawe. Ile myeupe ni ya baadaye, nayo huhusishwa na wakulima.

Mwaka 1951 mtafiti Mary Leakey alikuja Kondoa na karatasi angavu. Alizibandika juu ya mwamba na kufuatisha mistari kwa subira, na mwaka 1983 akaitolea kitabu. Namheshimu sana, kwa sababu mvua, jua na mikono ya watu vinaila michoro hiyo kila mwaka. Lakini karatasi yake haikuweza kubeba kile kivuli cha jiwe, wala upepo wa alasiri, wala lile bonde unaloliona chini ukigeuka nyuma. Mtafiti mwingine, Imogene Lim, alifanya kazi kati ya Wasandawe, na katika tasnifu yake ya mwaka 1992 alianzia upande huo: mahali penyewe, na yale ambayo watu hufanya mahali hapo.

Na watu bado wanafanya. Mungomi wa Kolo, penye michoro mashuhuri kuliko yote, ni mahali pa matambiko. Mvua ikigoma, wazee hupanda kuiomba, na wagonjwa hupelekwa huko kutafuta nafuu. Katika tambiko, pombe ya nafaka hurushwa kwenye mwamba, na mwamba huo ndio wenye michoro. Wahifadhi wanapoona hivyo moyo unawadunda, kwani pombe inachakaza rangi iliyovumilia karne nyingi. Wazee nao wana hoja yao: mwamba usionyweshwa utatoaje mvua?

Mimi nikisimama pale huwa sijui nimwonee huruma nani, tembo mwekundu aliyelowa pombe au mzee aliyelima mtama ukakauka. Michirizi inashuka polepole ukutani, inapita juu ya twiga, inafika chini kwenye vumbi.