Thamani ya Jengo la Maduka na Makazi Kando ya Bahari ya Mombasa

Jengo la matumizi mchanganyiko, yaani lile ambalo orofa yake ya chini ina maduka, zahanati au mkahawa na orofa zake za juu zina nyumba za kupanga, linapotangazwa kuuzwa katika mtaa wa Kizingo, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, tangazo huanza karibu kila mara na bahari: upepo wa kusi, meli zinazoingia Kilindini, na bustani ya Mama Ngina iliyokarabatiwa mwaka 2019. Mthamini huanzia kwingine. Kwake yeye kinachouzwa hasa ni haki ya kupokea kodi ya pango, na haki hiyo imo ndani ya makubaliano ya wapangaji, ambayo mara nyingi ndiyo karatasi za mwisho mnunuzi kuonyeshwa.

Njia inayotumika sana kupima jengo la namna hii ni kugawanya mapato halisi ya mwaka kwa kiwango cha mtaji. Mapato halisi ni kodi inayokusanywa baada ya kuondoa gharama za uendeshaji, kama ulinzi, maji, bima, ukarabati na hasara ya vyumba vinavyokaa wazi, lakini kabla ya marejesho ya mkopo. Kiwango cha mtaji ni asilimia ya faida ambayo wanunuzi wa majengo ya aina hiyo hutarajia kila mwaka kutokana na fedha walizoweka. Kwa mfano wa kubuni, jengo lenye mapato halisi ya shilingi milioni 12 lina thamani ya milioni 150 likipimwa kwa asilimia 8, na milioni 200 likipimwa kwa asilimia 6. Muuzaji hutaja bahari ili kiwango kishuke na bei ipande, naye mnunuzi ana haki ya kujibu kwamba mandhari huwavuta wapangaji wa juu tu, ilhali duka la chini hutegemea wapita njia, nao hawajai Kizingo kama wanavyojaa sokoni Marikiti.

Tena kodi ya duka haipandishwi kwa matakwa ya mwenye jengo. Sheria ya Kenya ya mwaka 1965 kuhusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ambayo mawakili huiita Sura ya 301, hulinda upangaji usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka 5, au wenye kifungu kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka 5 kwisha pasipo kosa la mpangaji. Mpangaji wa namna hiyo haondolewi wala haongezewi kodi ila kwa notisi ya fomu maalumu, ya muda usiopungua miezi 2, na akiipinga, shauri hupelekwa mbele ya baraza linaloamua migogoro ya kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana kinyozi aliyeingia kwa mapatano ya mdomo aweza kuwa na kinga kubwa kuliko kampuni iliyotia saini mkataba wa miaka 6, na kinga hiyo haiondoki jengo linapouzwa: mnunuzi huwarithi wapangaji pamoja na kodi zao za zamani. Lipo pia suala la kilemba, yaani fedha ambazo mpangaji mpya hutoa ili aachiwe duka, kwani aliyetoa kilemba kizito hatoki kwa urahisi. Wapangaji wa juu hawana ngome kama hiyo, kwa kuwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba huhusu zile ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi kilichokwisha kusahaulika Kizingo.

Kodi za serikali nazo hugawanyika kwa orofa, maana pango la makazi halitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ilhali pango la biashara hutozwa asilimia 16 mwenye jengo anapofikia kiwango cha kusajiliwa. Wakati wa mauzo mjini, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, na muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida yake, kiwango kilichoanza mwaka 2023.

Jambo zito zaidi Mombasa ni ardhi yenyewe. Pwani ina desturi ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga na kumiliki nyumba juu ya kiwanja cha mwingine na kukilipia kodi, kwa hiyo aweza kuuza kuta asiweze kuuza udongo. Viko pia viwanja vya wakfu, vilivyotengwa daima kwa ajili ya msikiti, jamaa au maskini, ambavyo haviuzwi kama mali ya kawaida. Mengine ni majengo ya urithi, ambayo baadhi ya warithi wake wanaishi Muscat au Dubai, na saini ya mmoja haitoshi pale ambapo mali ni ya wote. Asiye raia wa Kenya, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, hata kama babu yake alizaliwa Mji wa Kale.

Kuhusu jengo lenyewe, adui ni chumvi, ambayo hupenya zege na kuzifanya nondo zishike kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, ikaipasua zege kutoka ndani, na hali huwa mbaya zaidi fundi alipotumia mchanga wa ufuoni usiooshwa. Rangi mpya huficha nyufa hizo kwa miezi michache, hivyo mhandisi wa miundo hupimisha sampuli za nguzo badala ya kutazama kuta. Maji pia huingia katika hesabu, kwa sababu kisiwa hutegemea vyanzo vya mbali kama Mzima na Baricho, na yanapokatika jengo huendeshwa kwa kisima cha maji ya chumvi na maboza, yaani malori ya maji. Kila shilingi milioni 1 inayotumika kwa maboza kwa mwaka, ikipimwa kwa kiwango cha asilimia 8, hupunguza thamani ya jengo kwa shilingi milioni 12 na nusu.