Mafua ya Mtoto Mchanga Yasipuuzwe

Mafua tumeyazoea. Mkubwa hupiga chafya siku mbili tatu, kisha hupona. Lakini virusi hivyo hivyo vikimpata mtoto wa miezi miwili, vinaweza kumlaza hospitalini akipumua kwa oksijeni. Kwa nini?

Virusi vinavyoongoza kwa kuwalaza watoto wachanga huitwa kwa kifupi RSV. Hushuka kutoka puani hadi kwenye vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Vijia huvimba na kujaa makamasi. Kwa kuwa vijia vya mtoto ni vyembamba mno, uvimbe kidogo tu huviziba.

Wataalamu walikadiria kuwa mwaka 2019 RSV iliua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka 5 duniani. Karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miezi 6.

Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi 6, waliozaliwa njiti au na uzito mdogo, na wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Utapiamlo, moshi wa kuni au sigara, na kulala wengi chumba kimoja huongeza hatari.

Mtoto akikohoa, mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Anapumua haraka mno akifikisha:
- pumzi 60, akiwa chini ya miezi 2;
- pumzi 50, akiwa na miezi 2 hadi 11;
- pumzi 40, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Hapo mpelekeni kituo cha afya. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akilegea au midomo ikigeuka rangi, mwahisheni hospitali, hata kama ni usiku. Msimpe dawa za kuua bakteria kwa kubahatisha, kwani haziui virusi.

Kinga huanzia nyumbani. Mama aendelee kunyonyesha, na kila anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni. Tunajua si rahisi kumwambia shangazi aliyekuja kumwona mtoto kwamba asimbebe kwa sababu ana mafua. Mwambieni kwa upole, ataelewa.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya RSV kwa wajawazito kuanzia wiki ya 28, au sindano ya kinga kwa mtoto mchanga. Akina mama, ulizeni kliniki kama huduma hiyo imefika kwenu.