Kabla Chuma Hakijakatwa

Ukijaliwa kufika Kasanga, mahali ambapo milima ya Ufipa huporomoka hadi Ziwa Tanganyika, watazame watoto wachezao ufukoni. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga katika bandari hiyo vizazi kwa vizazi, na kila mtoto aliyeiona alitaka kuwa na meli yake. Huikata katika dumu bovu au katika ndala iliyokatika, akaisukuma majini. Ikilala ubavu, wenziwe humcheka. Huitoa, akaifunga kijiwe chini, akaisukuma tena.

Lakini tuseme mtoto huyo amekua, yuko sekondari, naye amechora mashua ya plastiki ya kumiminwa katika kalibu, zipate kutoka mamia kwa mamia, kila moja sawa na nyingine. Hapo kosa si la kurekebishwa kwa kijiwe. Kalibu ya kiwandani hukatwa katika chuma, na gharama yake ni kubwa. Hapana budi kicheko cha wenzake kije mapema, wakati mashua ingali kipande cha mti laini au udongo wa mfinyanzi.

Basi anaipeleka darasani. Wa kwanza anaibonyeza kwa kidole gumba na kusema, "Mbavu zake nyembamba, ongeza unene." Wa pili anagusa mlingoti: "Huu utamchoma mdogo wangu jichoni." Wa tatu anaing'oa bendera ndogo iliyochomekwa na kuuliza, "Na hii akiimeza?"

Ni vigumu kuyasikia hayo bila kununa. Mimi nimekaa miaka kadhaa mbele ya wahariri, na bado kalamu nyekundu hunichoma. Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo mwenye kuunda hupaswa kuyatenganisha: mahali panapouma, na dawa. Mwenzako hujua vizuri panapouma. Dawa ni kazi yako.

Mtazame yule wa kwanza. Ni kweli mashua inanepa, lakini kuongeza unene ni dawa mbaya. Plastiki ya moto hunywea inapopoa. Palipo panene hupoa mwisho, pakabonyea na kuacha shimo, au chombo kizima kikapinda. Dawa iko palepale Kasanga kwa mafundi wa mashua za mbao: mataruma. Vijiti vyembamba vya plastiki vikipita ndani ya ubavu huupa nguvu bila kuufanya mnene. Aidha, ubavu wenyewe usisimame wima kabisa. Uinamie nje kidogo, ama sivyo mashua itang'ang'ania katika kalibu. Mfyatua matofali anaijua shida hiyo.

Wa tatu ndiye aliyesema neno zito kuliko yote. Viwango vya kimataifa vya usalama hupima vipande vya michezo ya watoto walio chini ya miaka mitatu kwa kikombe chenye upana wa milimita 31.7. Kipande kinachoingia chote humo kinaweza kuziba koo. Bendera ile haiponi kwa kukazwa gundi. Aiunganishe na mlingoti, na mlingoti aufanye mfupi wenye kichwa cha mviringo, au aondoe vyote viwili.

Wakubwa nao walirudishwa mezani. Kampuni ya LEGO ya Denmark ilianza kuuza matofali yake ya plastiki ya kujengea mwaka 1949. Yalikuwa matupu chini, na hayakushikana vizuri; nyumba ya mtoto ilibomoka ikiinuliwa. Ilichukua miaka 9 hadi tarehe 28 Januari 1958, walipoombea hataza tofali lenye vibomba ndani. Tofali la mwaka huo hushikana na la leo.

Wafipa wa zamani hawangeshangaa. Chuma kilichotoka katika tanuru refu la udongo, ilungu, hakikufuliwa jembe moja kwa moja; kilitiwa kwanza katika tanuru dogo, kintengwe, kikasafishwa.

Sasa niseme na wazazi. Kijana wako asije akajaribu kuyeyusha plastiki jikoni. Bomba la maji la PVC likiungua hutoa hewa kali ya tindikali inayoumiza mapafu. Achonge mti. Plastiki ya dumu la mafuta huelea hata ikiwa kipande kitupu, ilhali ya bomba hilo huzama. Jambo hilo ataligundua kwa ndoo ya maji, bila moto. Mchoro ukiiva, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Akimpata fundi wa kalibu, amkumbushe jambo moja. Chuma kikikatwa zaidi, plastiki huwa nene zaidi. Lakini chuma kilichokwisha kuondolewa ni taabu kukirudisha. Kwa hiyo penye shaka waanze na ubavu mwembamba, wamimine mashua chache, wazipeleke kwa wale wale watatu. Safari hii wasipewe darasani. Wapewe ufukoni, pamoja na wadogo zao, mwenye mashua akae kando na daftari, asiseme neno.