Je, Wajua? Akili Mnemba Kwenye Kliniki ya Masikio

Je, wajua kwamba mashine inayopima usikivu yenyewe si jambo la jana? Georg von Békésy, Mhungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alitangaza ya kwake mwaka 1947. Mgonjwa alibonyeza kitufe alipoisikia sauti, akaachia ilipopotea, na mashine ikachora majibu. Wataalamu waliipokea, ila kusoma mchoro kulibaki kazi yao.

Je, wajua kwamba kifaa cha kusaidia kusikia cha Oticon More, kutoka Denmark, kilifunzwa kwa mazingira ya sauti milioni 12? Kazi ya namna hiyo, ya kutenga maneno na kelele, haiwatishi wataalamu. Swali gumu kwao ni hili: nani atabeba lawama? Usikivu ukipungua sikio moja tu, mtaalamu huwaza hata uvimbe kwenye mshipa wa kusikia. Programu ya akili mnemba ikisema hakuna tatizo, mgonjwa atarudi kumuuliza binadamu. Mimi naiona hofu hiyo kuwa ya haki kabisa.

Tena ina ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulitumia picha za ndani ya sikio kutoka Uturuki, Chile na Marekani kufunza programu zitambue magonjwa ya sikio la kati. Zilipojaribiwa kwa picha za kule kule zilikofunzwa, zilifanya vizuri sana. Zilipopewa picha za nchi nyingine, zikateleza. Na kati ya vituo vilivyotoa picha hizo, hakuna hata kimoja cha Afrika! Mtoto wa Tandale, Dar es Salaam, anayetokwa usaha sikioni anastahili programu iliyowahi kuona masikio ya watoto wenzake.

Je, wajua kwamba huko Antwerp, Ubelgiji, ilibuniwa programu iitwayo FOX, inayopendekeza namna ya kurekebisha kifaa cha usikivu kilichopandikizwa? Inapendekeza tu; mtaalamu hukubali au hukataa. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya aina hiyo mwaka 2017, na kila aliyepandikizwa hurudi kurekebishiwa mara kwa mara.

Je, wajua kwamba, kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, asilimia 93 ya nchi zenye kipato cha chini hazifikishi hata mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja? Huko, kuikataa teknolojia moja kwa moja ni kuwaacha watu bila kipimo chochote.

Shirika hilo lina programu ya simu, hearWHO, tangu mwaka 2019: unasikiliza tarakimu zikitajwa kwenye kelele, unaziandika, unapata alama. Ijaribu. Lakini ikikupa alama nzuri na sikio moja bado linakusumbua, usiridhike na simu. Nenda kliniki ukaangaliwe.