NCHI JIRANI: Mlinzi wa Seli Anavyopimwa



Katika karne iliyopita, wachimbaji kutoka Msumbiji waliofanya kazi kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini waliugua saratani ya ini kuliko wenzao wa sehemu nyingine. Walitoka nayo nyumbani. Wataalamu walitaja virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Kisha mwaka 1991 ilitangazwa kwamba katika saratani kadhaa za ini kutoka Msumbiji, jeni ya protini iitwayo p53 ilikuwa imeharibika mahali pale pale pamoja.

p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ni mlinzi. Seli ikijeruhiwa, huizuia isigawanyike mpaka itengenezwe, au huiamuru ife.

Maabara humpimaje mlinzi huyu? Seli hutenganishwa moja moja, hukaushwa uhai kwa dawa, utando wake hutobolewa, kisha hutiwa kingamwili zinazoshika p53 tu, zenye rangi ya kung'aa. Hupitishwa kwa foleni mbele ya mwanga wa leza, na mashine hupima mng'ao wa kila moja. Maelfu ya seli kwa sekunde! Hakuna mnyapara anayehesabu hivyo. Fungu jingine hutiwa kingamwili zisizoishika p53, ili mng'ao wa bure ujulikane na utolewe.

Lakini tusidanganyike na mng'ao mkubwa. Katika seli nzima p53 ni kidogo, kwa sababu yenyewe huagiza itengenezwe protini ya kuiondoa. Seli ikijeruhiwa, huongezeka. Ile iliyoharibika haiwezi kutoa agizo hilo, basi mara nyingi hurundikana bila kufanya kazi. Mashine huhesabu walinzi langoni. Haijui nani amelala. Ndiyo maana jeni nayo husomwa.

Kipimo hiki ni cha watafiti, hakimwambii mfanyakazi kama ataugua. Kinachoweza kukaguliwa leo ni posho. Nchini Kenya, mwaka 2004, sumukuvu ya mahindi iliwapata watu 317, na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Matawi yanayopewa mahindi ya posho yadai yapimwe sumukuvu, na unyevu usizidi asilimia 13.5, kabla gunia halijashushwa.