Ukimtunza mwimbaji, mkumbuke na mpiga gitaa

Wewe shabiki wa benga, jibu swali hili bila kugusa simu. Katika ule wimbo unaoupenda kuliko zote, nani anapiga gitaa la solo? Sikuulizi jina la bendi, wala la mwimbaji aliyejaa kwenye bango. Namuuliza yule anayesimama kando ya jukwaa, kichwa kimeinama, vidole vinakimbia kama vina deni. Anaitwa nani?

Kimya, sivyo? Hauko peke yako.

Na si kwamba hatumpendi. Wikendi ikifika, mtu anatoka Rongo, mwingine Awendo, mwingine Migori mjini, wanabanana kwenye matatu hadi Homa Bay, wanalipa kiingilio na kukaa mpaka alfajiri. Maneno ya nyimbo wanayajua tayari, wameyaimba wiki nzima bafuni. Wanachofuata laivu ni gitaa.

Angalia jinsi benga inavyojengwa. Mwanzoni mwimbaji anatoa mstari, gitaa la solo linamjibu, karibu kwa sauti ileile, kama ndugu wawili wanaopiga soga. Halafu kuna pale mwimbaji ananyamaza. Solo inapanda, gitaa la rithimu linaikimbiza kwa nyuma, besi inaruka huku na huku, ngoma inakanyaga bila kupumzika. Hapo ndipo waliokaa wanasimama. Kwenye kanda kipande hicho kina mwisho. Laivu, mpiga solo akiona watu wamepagawa, anakirefusha anavyotaka, na usiku mmoja haufanani na mwingine. Yaani umelipia kitu ambacho hakitarudiwa tena.

Mtindo huo haukuanguka kutoka mbinguni. Kabla ya gitaa, Waluo walikuwa na nyatiti yenye nyuzi 8 na orutu yenye uzi mmoja. Vijana waliposhika gitaa, walilichuna kwa vidole kama nyatiti, noti moja moja, haraka. Ndiyo maana mzee wa kijijini ambaye hajawahi kuingia klabu anasikia benga na mguu wake unaanza kucheza wenyewe.

Sasa linganisha na Marekani, kwa watu wa blues. B.B. King alilipa gitaa lake jina, Lucille, na mashabiki dunia nzima wakalijua kama wanavyomjua mtu. Kule hata gitaa lina jina. Kwetu hata mpigaji hana!

Utaniambia, "Na D.O. Misiani je?" Sawa. Misiani, mzaliwa wa Mara, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Migori, aliongoza Shirati Jazz tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 2006, na alikuwa mkali wa gitaa. Lakini yeye pia alikuwa mtunzi, mwimbaji na mwenye bendi. Ndiyo maana tunamkumbuka. Waliosimama pembeni yake wakishika rithimu na besi, ni wangapi unaweza kuwataja?

Hadithi ya Zimbabwe ndiyo inayoniuma zaidi. Miaka ya 1970, santuri za benga zilizotolewa na produsa Oluoch Kanindo, mtu wa upande wetu wa Nyanza Kusini, zilifika hadi kusini mwa Afrika. Wazimbabwe waliupenda muziki huo mno, wakauita "kanindo". Heshima yake ile, alistahili. Ila fikiria kidogo: sauti iliyowapagawisha ilikuwa ya magitaa, na jina lililovuka mipaka likawa la mtu wa biashara. Wapigaji walibaki nyuma.

Wageni wengine wamekuja kumtafuta mpigaji mwenyewe. Ian Eagleson, Mmarekani, alikuja Nairobi kufanya utafiti kuhusu benga na kukutana na Otieno Jagwasi. Wakaunda bendi, Extra Golden. Jagwasi alifariki mwaka 2005, kabla albamu yao ya kwanza haijatoka. Iliyotoka 2006 kupitia lebo ya Chicago, mji wenyewe wa blues. Mwaka huohuo bendi ilialikwa Chicago kupiga laivu, na jamaa wa Kenya walipokwama kwenye viza, ofisi ya Seneta Barack Obama ikasaidia. Ona umbali ambao gitaa letu limefika, na sisi tulio nalo karibu hatuulizi hata jina.

Jina ni ugali, boss. Kwenye shoo zetu kuna pakruok: unainua mkono, muziki unashushwa, unajisifu, unausifu ukoo wako au mpenzi wako, unatoa pesa, halafu ngoma inaendelea. Ni utamu wa kipekee na ni wa tangu enzi za nyatiti. Lakini sifa na noti nyingi humwendea aliyeshika kipaza sauti. Ambaye hajulikani hana nguvu ya kudai mgao wake. Na kila mwaka kinanda cha umeme kinazidi kuchukua nafasi, kwa sababu kimoja kinafanya kazi ya watu watatu. Sina ugomvi na ohangla, naicheza mpaka viatu vinalia. Nasema tu kwamba mwenye bendi hataendelea kulipa magitaa matatu kama mashabiki hawaonyeshi kwamba wanayaona.

Kwa hivyo wikendi hii fanya mambo matatu, hayahitaji digrii. Mimi mwenyewe chuo nilikiacha njiani na nayaweza. Kwanza, bendi ikipumzika, msogelee mpiga solo na umuulize jina. Pili, ukirusha video mtandaoni, liandike jina hilo, pamoja na la mpiga rithimu na la mpiga besi. Tatu, zamu yako ya pakruok ikifika, msifu yeye na umpe noti yake mkononi.

Sisi ni hodari sana wa kuchanga. Mwanamuziki akilazwa tunaunda kikundi cha WhatsApp usiku huohuo, akifa tunajaza uwanja. Ile mia mbili unayotuma kwa ajili ya jeneza, omera, mpe leo akiwa bado anachuna.