Shairi Hutungwa Lijibiwe

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mtu akitunga shairi hutaraji kujibiwa, na jadi hiyo ya kujibizana, ambayo huitwa pia malumbano, ndiyo iliyoufanya ushairi wa Kiswahili uwe jambo la barazani na mitaani kabla haujaingia vitabuni. Umbo lenyewe la shairi la arudhi, yaani lile linalofuata kanuni za mapokeo, husaidia kazi hiyo. Ubeti huwa na mishororo minne. Kila mshororo huwa na mizani, yaani silabi, 16 zilizogawanywa sawa katika vipande viwili. Na kila kipande hukamilishwa kwa kina, ambacho ni silabi inayorudiwa kutoka mshororo mmoja hadi mwingine. Anayejibu aweza kuazima vina vya mwenzake pamoja na kibwagizo chake, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti, akavigeuza maana, na wasikilizaji, ambao wameshazihifadhi beti za kwanza, wakaamua nani kamzidi nani. Kwa kuwa chombo ni kimoja, mtunzi hana haja ya kubadili umbo anapotoka kwenye utani kwenda kwenye malalamiko. Hubadili tu anayelengwa.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikijua vyema chombo hicho. Wakati ambapo tenzi ndefu za mafunzo ya dini ndizo zilizoheshimiwa zaidi, yeye alitunga beti chache chache juu ya mapenzi, ukata, mambo ya nyumbani na mafumbo ya kuwatega washairi wenzake, na kwa beti za namna hiyo hiyo akawatetea Wamazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Seyyid Said wa Oman na Zanzibar, ambaye hatimaye aliutwaa mji huo mwaka 1837. Hakuacha kitabu kilichochapwa. Tungo zake zilidumu vinywani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, ambapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya na kuziandika. Watu hawahifadhi kwa nusu karne beti wasizozipenda, na huo ni uhakiki wa haki kuliko mwingi ulioandikwa na wataalamu baadaye.

Huko Zanzibar kazi hiyo ilibebwa na taarabu. Siti binti Saad, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu na ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba habari zilizokuwa zikisemwa mitaani. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, huku adhabu ya mahakama ikiwaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Aliyekuja kustarehe alipata udi na fidla, na aliyetega sikio alisikia mahakama ya kikoloni ikihukumiwa na watu wasio na cheo.

Magazeti nayo, likiwemo Mambo Leo lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, yalitenga nafasi ya mashairi, na malumbano yakavuka mipaka ya mji mmoja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera, ambayo ni ushairi wa mazungumzo unaoigizwa mbele ya hadhira, ili kufundisha siasa ya Ujamaa. Ngonjera zilipendwa sana shuleni, ingawa nyingi zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: mjinga na mjuzi hubishana, na mjuzi amekwisha kushinda kabla mjinga hajafungua kinywa.

Malumbano ya kweli yamo katika Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya kijitabu chake cha siasa, Kenya: Twendapi? Gerezani aliandika beti zake kwa siri kwenye karatasi za chooni. Katika shairi la Mnazi, ndugu wawili wanagombea mti, na kila mmoja anapewa nafasi ya kujitetea kwa ufasaha. Msomaji asiyezijua habari za Kenya ataona ugomvi wa kawaida wa pwani, ambako mnazi ni mali ya kurithiwa na kugawana. Anayezijua ataona matunda ya uhuru na wale wanaotaka kuyala peke yao. Pande zote mbili zikighaniwa, yaani zikisomwa kwa mahadhi, na watu wawili mbele ya wengine, hata mwenye nguvu husikika akiwa na hoja, na hapo ndipo msikilizaji anapolazimika kuamua mwenyewe. Mwanafunzi anayefundishwa kuhesabu mizani na kutaja vina tu amepewa vipimo vya kanzu bila kuambiwa ni ya nani. Afadhali aombwe atunge beti mbili za kumjibu mmoja wa ndugu hao, hata kama mizani zitapungua.

Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.